Santuri ya Krismasi Iliyopinda

Yule mtoto alikuwa anaanza mara mbili. Ndivyo nilivyoelewa nikiwa na miaka sita, nimekaa sakafuni Magomeni, sikio nimelibandika kwenye kitambaa cha spika. Sindano ikishatua kwenye santuri unasikia mkwaruzo, kama mtu anapepeta mchele kwenye ungo. Halafu kwa mbali kabisa, kama yuko nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtoto anaimba neno moja. Hapo ndipo anapoanza wa kweli, karibu, peke yake, bila kinanda.

Nikamuuliza Baba yule wa mbali ni nani.

"Anajaribu sauti," akaniambia. "Mwimbaji mwenye adabu hakurupuki tu."

Nikalichukua hivyo, na sikumuuliza tena mtu yeyote kwa zaidi ya miaka 30.

Baba alikuwa mpishi Oysterbay kwa Mwingereza mmoja, mhandisi. Mwaka 1975 yule bwana mkataba ulipoisha alimwachia Baba sufuria mbili nzito, kabati la wavu, gramafoni ya kufungwa kama sanduku, na santuri nne. Tatu zilikuwa za dansi ya kwao na hatukuzijali. Ya nne ilikuwa ya kwaya ya King's College, Cambridge, nyimbo za Krismasi tupu. Kwenye jalada kulikuwa na picha ya kanisa refu ambalo dari lake la mawe limechanua kama majani ya mvumo. Nililitazama dari lile kuliko nilivyotazama kitu kingine chochote utotoni mwangu. Kiingereza tulikuwa hatujui, wala Mama hakukijua hadi anakufa.

Tulipanga nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, ua nyuma, mita ya umeme moja kwa wapangaji wote. Mama mwenye nyumba, Mzaramo wa hapo hapo, alikuwa na sheria yake: taa na redio ruksa, pasi ya umeme hapana, jiko hapana. Baba akaenda kumwona.

"Shikamoo mama. Nimepata sanduku hapa. Na lenyewe ni kama redio, ila halina taarifa ya habari."

"Marahaba. Kama halina taarifa ya habari, basi halitakula umeme mwingi."

Mkesha wa kwanza alikuja kusikiliza akiwa amesimama mlangoni. Mwaka uliofuata akaja na mkeka wake, akautandika koridoni, akanyoosha miguu. Alisikiliza upande mzima, akatoa hukumu: "Kaswida yao wanaisoma vizuri hao watoto. Hakuna anayemkimbia mwenzake." Tangu siku hiyo nimesoma maneno mengi ya wataalamu kuhusu kwaya ile, na sijaona aliyempita.

Krismasi ya Dar wakati huo, kama ilivyo sasa, ilikuwa ya watu waliobaki. Wachaga wakishapanda mabasi kwenda Moshi, mtaa unapwaya. Sisi kwetu Njombe, nauli ya watu saba ilikuwa ndoto, kwa hiyo tulibaki na joto la Desemba na maembe. Kaka yangu alikwenda ufukweni kukata tawi la mvinje, tukalisimamisha kwenye kopo la rangi lililojaa mchanga, tukalibandika pamba. Chumba cha mbele yetu kulikuwa na karani wa bandari aliyekuwa na santuri ya Krismasi ya Jim Reeves, ile ya mwaka 1963, na kila saa sauti ya Jim Reeves ilivuka korido kuja kupigana na watoto wetu wa Cambridge. Jim Reeves mwimbaji mzuri, simkatai. Lakini yeye alikuwa anakuimbia wewe, kama mtu aliyekuvuta pembeni. Wale wa kwetu walikuwa hawamwimbii mtu. Walikuwa mahali fulani wanaimba, na wewe umepita nje ukawasikia.

Desemba 1980 niliiharibu.

Nilikuwa na miaka 11, nimeambiwa nifagie chumba. Nikaiweka santuri dirishani juu ya jalada lake, nikamaliza kufagia, nikatoka kucheza mpira. Jua la saa saba liliingia pale dirishani. Niliporudi kingo zilikuwa zimeinuka kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango. Nikakaa nayo mapajani nikiwaza nikimbilie kwa nani. Baba aliporudi aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akaiangalia kwa upande kama fundi seremala anavyoangalia ubao, akasema, "Haya." Basi. Akaibana katikati ya mbao mbili, juu yake akaweka jiwe la kusagia, ikakaa hivyo wiki mbili. Krismasi ile hatukusikia kitu. Afadhali angenichapa.

Ilinyooka kiasi. Ila tangu hapo yule mtoto akawa anayumba: kila santuri ilipomaliza mzunguko, sauti ilipanda kidogo na kushuka kidogo, kama mtu anaimba huku amekaa kwenye ngalawa. Mama akasema sasa ndiyo imekuwa nzuri, zamani ilikuwa imenyooka mno. Nilidhani ananipoza. Siku hizi nadhani alimaanisha.

Miaka michache baadaye sindano iliisha makali na nyingine haikupatikana. Ilikuwa miaka ile ya foleni. Kama sabuni yenyewe ni ya kupanga mstari, nani angeagiza sindano ya gramafoni? Sanduku likawa meza ya kuwekea redio. Kwenye redio tulipata kwaya zetu wenyewe kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, na baadaye kaseti, na kaseti ndizo zilizonifanya nijiunge na kwaya ya usharika. Nimeimba besi tangu 1988. Kusoma nota nimejifunzia ukubwani, tena kwa shida.

Baba alifariki 2009. Baada ya arobaini nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha intaneti Sinza, sina la kufanya, nikaandika jina la kwaya ile na majina ya nyimbo niliyoyakumbuka kutoka kwenye jalada. Ikaja. Rekodi yenyewe, ileile, imesafishwa. Nikavaa spika za masikioni.

Kimya kabisa. Kisha mtoto akaanza, karibu, safi kama glasi, hayumbi.

Nikadhani wamekata mwanzo. Nikarudisha. Nikarudisha tena. Wa mbali hakuwepo. Kijana wa pale kibandani akaniuliza, "Mzee, haisikiki?" Nikamwambia inasikika sana, tatizo ndilo hilo.

Usiku ule nilisoma mpaka muda wangu ukaisha, nikaongeza mwingine. Kumbe santuri ina mfereji mmoja mrefu unaojizungusha kuelekea katikati, na kuta za mfereji ni nyembamba. Sauti kubwa ikichongwa kwenye mzunguko mmoja, inaweza kuusukuma kidogo ukuta wa mzunguko uliotangulia. Sindano ikipita pale penye kimya inaokota kivuli cha kitakachokuja. Santuri ndefu inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni sekunde 1.8. Kwa hiyo yule wa mbali alikuwa ni mtoto yuleyule, sekunde 1.8 kabla hajaanza. Hitilafu ya plastiki. Waliosafisha hawakuchota kwenye santuri, walirudi kwenye mkanda wa studio, ambako hakukuwa na mfereji wala ukuta.

Nilisoma na mengine. Ibada yao ya mkesha wa Krismasi ilianza 1918, vita kuu ya kwanza ikiwa imekwisha wiki sita tu kabla. Redio ya BBC ilianza kuitangaza 1928. Tangu 1919 ibada hufunguliwa na wimbo uleule, na ubeti wa kwanza ni wa mtoto mmoja peke yake. Kwaya yenyewe ni wavulana 16, na sauti za chini zinaimbwa na vijana wa chuo 14 hivi. Santuri zile za zama za Baba ziliongozwa na David Willcocks, aliyeishika kwaya kuanzia 1957 hadi 1974. Lakini lililonifanya niegemee kiti ni hili: kwa desturi yao, watoto kadhaa hujiandaa kwa ule ubeti, na hakuna anayejua nani ataimba mpaka dakika ile mwongozaji anapomnyooshea kidole mmoja wao. Wengine wanabaki na wimbo mdomoni. Nikawaza, basi Baba hakukosea sana. Pale palikuwa na watoto waliokuwa wakijaribu sauti kimoyomoyo.

Nisionekane namchafua aliyesafisha. Kazi yake ni nzuri. Hata wale wa zamani ujanja walikuwa nao. Mkanda wa sauti ulikatwa kwa wembe na kuunganishwa kwa utepe wa gundi, kosa likatolewa kama unavyotoa jicho la kiazi. Anayekwambia zamani kila kitu kilikuwa cha kweli ana kitu anataka kukuuzia. Ila nilitoka pale kibandani nikijua nimekosa kitu, na sikujua ni kitu gani, mpaka kwaya yetu ilipoingia studio.

Hiyo ilikuwa 2014. Mwenyekiti alitaka albamu ya Krismasi, na kamati ikachanga. Tulikuwa 42. Studio ilikuwa chumba cha ukubwa wa jiko la kawaida, kimepigwa magodoro ukutani, tukaingia wanne wanne. Soprano walirekodi Jumatatu, alto Jumatano, tenor Alhamisi. Sisi besi tuliingia Jumamosi, tukawekewa masikioni mlio wa tik-tik-tik na sauti za wenzetu walioimba siku zilizotangulia. Prodyuza alikuwa kijana mwerevu na mvumilivu, sina ugomvi naye. Alitwambia, "Wazee, mnachelewa nyuma ya tik." Ni kweli tulichelewa. Besi ya usharika wetu imechelewa tangu imeanzishwa. Soprano wanajua, wanatusubiri mwisho wa mstari, na kule kusubiriana ndiko wanakovutia pumzi. Pale studio hakuna wa kukusubiri. Tik haisubiri. Akatuimbisha kila mstari mara tatu ili tusikike wengi, akatunyoosha kwa kompyuta pale tulipopinda, akaweka ngoma na kinanda, akatupa kazi iliyokamilika.

Tulizindua na mgeni rasmi, keki, na fulana. Tulichapa CD 500. Zaidi ya nusu ziko stoo ya kanisa mpaka leo, juu ya boksi la taa za mti. Nimeisikiliza ile albamu mara nyingi nikitafuta kosa, sikuliona, na sijawahi kuiweka tena kwa hiari yangu. Inafanana na picha ya ukoo ambayo kila mtu alipigwa siku yake, kisha wakakatwa na kubandikwa pamoja. Mabega yamegusana, lakini hakuna aliyeegemea mwingine.

Nilikuja kulisema hili kwenye kikao, labda kwa ukali kuliko ilivyotakiwa. Nikasema Krismasi nyingine turekodi kanisani, usiku, wote kwa pamoja, bila tik. Binti mmoja wa alto, anayefanya kazi benki na mwenye sikio zuri kuliko letu sote, akanyoosha mkono.

"Samahani mzee wangu. Unataka tuimbe kama wale wazungu wako wa kwenye santuri? Ile ilikuwa Krismasi ya bosi wa baba yako."

Watu wakacheka. Na swali lilikuwa la haki. Nimelibeba mpaka leo. Inawezekana sehemu ya ninachokipenda ni jalada, dari la mvumo, harufu ya nyumba ya watu waliokuwa na umeme wao wenyewe. Sikumjibu siku ile. Wiki iliyofuata nilimletea kaseti, kwaya ya Kiswahili niliyoinasa redioni miaka ya themanini, kaseti ya dakika 60 ambayo upande wa pili una matangazo ya mpira. Tukakaa kwenye gari lake, nikamwekea kwenye kiredio changu. Kabla ya wimbo kuna kiti kinakwaruza sakafu. Kuna mtu anakohoa, anajizuia. Unasikia watu wengi wanavuta pumzi kwa mpigo mmoja. Binti akarudisha pale pa pumzi mara mbili.

"Hao ni wangapi?" akauliza.

"Sijui. Unasikiaje?"

"Hamsini hivi. Na chumba si kikubwa."

Nikamuuliza, "Na sisi kwenye CD yetu ni wangapi?" Akafikiri. Akasema hasikii watu, anasikia sauti.

Tulirekodi Desemba 2017, usiku wa saa nne, daladala zikiwa zimepungua. Vijana wawili walileta kinasa sauti kidogo na maikrofoni mbili, wakazifunga juu ya stendi ya bendera kwenye benchi la nne. Hapo nikajifunza kwamba kama huna mashine ya kuchanganya sauti, unachanganya kwa miguu. Besi tulipelekwa nyuma hatua tano, kisha mbili mbele. Mama mmoja wa soprano, ambaye sauti yake hupasua kuta, aliombwa kwa heshima zote asimame karibu na mlango wa sakristia, na alikubali baada ya kushawishiwa kama bibi harusi. Feni zote zilizimwa kwa sababu zinasikika. Joto lile sitaki kulieleza. Kitabu changu cha nyimbo, Mwimbieni Bwana, kililowa mpaka kurasa zikashikana.

Tulipigana na bodaboda, na mbwa wa mlinzi, na bati. Sikuwa najua kwamba bati la kanisa likipoa usiku linalia: ting, halafu kimya cha dakika nzima, halafu ting-ting. Mchana kutwa limetanuka kwa jua, usiku linajikunja. Tulijaribu kuvizia katikati ya milio, haikuwezekana.

Saa tano na nusu umeme ukakatika. Kinasa sauti kilikuwa na betri, ila kinanda kikafa. Mpiga kinanda akataka tusubiri mafuta ya jenereta. Mwalimu wetu wa kwaya, mama mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache, akasimama gizani na tochi ya simu.

"Usiku Mtakatifu ulipoimbwa mara ya kwanza, tarehe 24 Desemba 1818, huko Oberndorf, Austria, ulikuwa na gitaa tu," akasema. "Padre Mohr aliandika maneno, mwalimu Gruber akaweka sauti. Mwalimu wa shule kama mimi. Wawili wakaimba. Ninyi mko arobaini mnalilia kinanda?"

Tukaimba hivyo, tumesimama karibu kwa sababu tochi zilikuwa tatu na macho yetu ni ya uzee. Besi tulichelewa. Soprano wakatusubiri. Kati ya ubeti wa pili na wa tatu bati likalia mara moja, ting, mahali pazuri kuliko pembetatu yoyote ya mpiga ala. Ukiniuliza kama tuliimba vizuri, nitakwambia watu wa tenor walishuka nusu sauti kufika mwisho na sote tukashuka nao. Hakuna aliyekimbia mwenzake.

Hatukuchapa CD. Vijana waliiweka kwenye flashi, ikasambaa kwenye simu za usharika, ikapotelea huko kwenye makundi. Mapato sifuri. Mwenyekiti bado ananikumbusha. Madukani Kariakoo Desemba ikifika ni Boney M. tena, ile albamu yao ya 1981, na muuzaji wa viatu hana muda wa kusikiliza bati letu; simlaumu.

Siku walipokuwa wanaiandaa niliitwa kusikiliza. Kijana mmoja alikuwa ameifungua kwenye kompyuta, mawimbi ya sauti yamesimama kama safu ya vilima. Mwanzoni kabisa kulikuwa na sehemu bapa yenye vituta vidogo. Akabonyeza. Ni Mwalimu anatoa nota kwa kuguna: do, mi, so. Kimya. Halafu, mbali kidogo upande wa kushoto, binti wa alto, yule wa benki, anaanza neno la kwanza peke yake kabla ya wakati, kwa sauti ndogo, anashtuka, ananyamaza. Pumzi ya watu arobaini. Kisha tunaanza.

"Hapa mwanzo nitakata, mzee," kijana akasema, kidole kikiwa tayari. "Kuna mtu amekosea."

"Mwache," nikamwambia. "Anajaribu sauti."